Cherehani ya Bure

Kufikia katikati ya miaka ya tisini, kitu cha biashara cha kunishangaza mimi kilikuwa bado hakijazaliwa. Nasema wazi, sijifichi. Nilianza na sinia la karanga pale stesheni ya Mpanda, nikiwauzia abiria wa treni ya Tabora kupitia madirishani. Karanga zikazaa mayai ya kuchemsha, mayai yakazaa kibanda cha mabanzi, na kibanda kikazaa duka la matofali ya kuchoma pale Kawajense, lenye kaunta, rafu pande tatu na mzani ambao haukuwahi kumwibia mtu. Shule niliishia darasa la nne. Waliofika la saba walikuwa wanakuja kwangu kukopa chumvi, na nilikuwa nawapa.

Nilishauziwa saa ya mkononi isiyo na mashine ndani. Siku hiyohiyo nikaiuza kwa mtu aliyekuwa anatafuta mkanda wake tu, nikapata na faida juu. Huyo ndiye mimi. Sasa mtu wa namna hiyo utamshangaza na nini?

Mke wangu alikuwa fundi cherehani. Alikuwa anashonea sokoni, kwenye baraza la mama mmoja mnene mcheshi aliyekuwa na mashine mbili na kumkodisha moja kwa shilingi elfu tatu kila mwezi. Mama huyo hakuwa mbaya, ila alikuwa na jambo lake moja: kila ikikaribia Januari aliitaka mashine yake irudi, kwa sababu Januari ndiyo mwezi wa sare za shule, na kila fundi wa Mpanda anajua kwamba Januari moja inaweza kukulisha mpaka Pasaka. Basi mke wangu alikuwa anashona mwaka mzima viraka na magauni ya mtu mmoja mmoja, halafu mavuno yakifika anarudi nyumbani kukunja mikono.

Mwaka ule alikuwa ameapa kwamba Januari haitamkuta tena bila mashine yake. Kwenye kopo la maziwa ya unga alikuwa amefikisha elfu sitini. Cherehani mpya, ya kukanyaga kwa miguu, pamoja na meza yake, ilikuwa inauzwa mjini elfu sabini na nane. Mimi mumewe nilikuwa nimeahidi kuongeza hiyo kumi na nane iliyobaki. Ilikuwa mwezi wa tano. Kwa maneno mengine, cherehani ilikuwa imebakiza kubebwa tu.

Hapo ndipo tajiri wangu wa duka la jumla alipoleta kadi.

Huyo tajiri ndiye niliyekuwa nachukua kwake sukari, sabuni na chumvi. Asubuhi moja nilifika na hela yangu nimeifunga kwenye kitambaa kama kawaida. Akanitazama nikiihesabu juu ya kaunta yake, akatikisa kichwa.

"Mzee wa Kawajense," akasema, "wewe mteja mkubwa namna hii, mbona unanunua kama mwanafunzi? Keshi, keshi, keshi! Watu wakubwa siku hizi hawabebi hela. Wanabeba kadi."

Akatoa kwenye droo karatasi ngumu ya njano iliyokunjwa mara mbili. Juu imechorwa cherehani, tena imechorwa ikang'aa. Ndani ina vyumba hamsini vidogo vya kugongwa muhuri. Akanieleza. Nitachukua mali kauli, yaani mzigo nachukua leo, hela naleta nikishauza, ndani ya mwezi mmoja. Kila mzigo wa elfu ishirini ni muhuri mmoja. Mihuri ikifika hamsini kabla mwaka haujaisha, cherehani yangu. Bure.

"Bure kabisa?" nikauliza.

"Bure kama hewa. Ila naomba dhamana kidogo. Elfu sitini. Hiyo ni yako, inakaa tu hapa, kadi ikijaa unaichukua."

Elfu sitini! Mtu mwingine angesema huyu tajiri alikuwa amechungulia kopo la mke wangu. Mimi nilisema ni bahati inayonijua jina.

Nilimkuta mke wangu jikoni anachambua maharage. Nikamwekea kadi mapajani. Akaigeuza huku na huku.

"Mama watoto," nikasema, "mtu mwenye akili ananunuaje kitu anachoweza kupewa?"

"Sukari kwake gunia bei gani?"

"Ishirini."

"Na kwa yule wa ng'ambo ya barabara?"

Yule wa ng'ambo alikuwa na duka la jumla lisilo na kibao wala rangi, na hakuwa anamkopesha hata ndugu yake. "Kumi na tisa," nikasema. "Lakini yule hana kadi."

"Kwa hiyo elfu moja kila gunia. Nani anailipa?"

"Wateja."

"Wateja gani? Ukipandisha bei si watakwenda duka la jirani?"

Nikamwambia hesabu za biashara si kama hesabu za kitambaa, ukikosea huwezi kufumua. Akacheka. Mke wangu ana kicheko kifupi, kama mkasi. Kisha akaangalia tena ile picha.

"Hii meza ipo? Au ni mashine tu? Mbona hapa miguu haionekani vizuri?"

"Nani duniani anatoa zawadi ya kichwa bila miguu?"

Akamaliza kwanza kuchambua maharage. Halafu akaenda chumbani, akarudi na kopo.

"Nasikiliza Januari, baba watoto," akasema. "Sisikilizi kitu kingine. Januari nikikaa hapa jikoni nikichambua maharage, tutaelewana vibaya."

Nikachukua elfu sitini zake, nikafungua kadi.

*

Miezi ya kwanza nilikuwa natembea na kadi ile kwenye mfuko wa shati, picha ikitazama nje. Wenye maduka wenzangu wakiniuliza ni nini, nawaonyesha. Mmoja wa Misunkumilo aliomba aishike, nikamwambia aishike pembeni asije akafuta mihuri. Tajiri naye alikuwa akiniona tu anasimama. "Mzee wa kadi amefika! Mpe kiti!" Hebu fikiria, mtu uliyeanza na sinia la karanga unapewa kiti mbele ya walimu.

Mihuri ikapanda vizuri. Sukari, sabuni za miche, mafuta ya kupikia. Ni kweli kwamba faida ilikuwa imepungua kidogo. Nilikuwa naona kwenye kopo la mauzo, lakini nikasema hela inayopungua hapa inaota upande wa pili. Mara mbili nilichelewa kupeleka malipo ya mwezi, kwa sababu watu wa Mpanda mwezi wa saba hela zao ziko kwenye mahindi ambayo hayajauzwa. Kila mara tajiri alinipiga faini ya elfu nne. Alinipiga huku akinipa soda, na soda ikatuliza.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu wa kiume, alikuwa anabeba mizigo stesheni. Kila Jumapili anakuja kula kwetu, na kila akija anaanza na kadi.

"Shemeji, imefika wapi hiyo kadi ya chanjo?"

"Ishirini na nne."

"Mtoto anakua! Ameshaota meno?"

"Wewe endelea kubeba magunia ya watu. Dada yako akipata mashine, wewe ndiye utakayekuwa wa kwanza kuja kushonewa suruali kwa mkopo."

"Suruali ninayo, shemeji. Ninachokosa ni hiyo akili yako."

Tulikuwa tunacheka wote. Mke wangu alikuwa anacheka pia, ila macho yake yalikuwa kwenye kalenda ya ukutani.

Kufika mwezi wa nane niliona kwamba kwa mwendo ule mwaka ungeisha na vyumba vitupu. Nikamwambia tajiri. Akafurahi, kama mtu aliyekuwa anasubiri kuulizwa.

"Mbona dawa ipo," akasema, akanipeleka nyuma ya stoo. Kulikuwa na ukuta mzima wa katoni. "Dawa ya viatu. Nyeusi, ya hali ya juu. Katoni moja elfu kumi na nane, vikopo mia moja arobaini na vinne. Na kila katoni nakugongea mihuri miwili. Hii ni kwa ajili yako tu, usimwambie mtu."

Mihuri miwili kwa elfu kumi na nane, wakati sukari ni mmoja kwa ishirini! Nilikuwa nimeshika katoni kabla hajamaliza kusema. Nikachukua tatu.

Sasa ngoja nikueleze juu ya wateja wangu. Wengi walikuwa wakulima, na wengi zaidi, hasa siku za gulio, walikuwa wafugaji waliotoka kaskazini na ng'ombe wao, watu wenye hela kweli kuliko mtumishi yeyote wa ofisi. Mguuni wanavaa katambuga. Kwa asiyejua, katambuga ni ndala iliyokatwa kwenye tairi la gari, unaivaa mvua na jua, miba haipiti, na ukifa wanairithi watoto. Mimi mwenyewe nyuma ya kaunta yangu nilikuwa nimevaa katambuga. Mke wangu aliponikuta nazipanga zile katoni alitazama rafu, akatazama miguu yangu, akatazama rafu tena.

"Unakwenda kumuuzia nani?"

"Soko linatengenezwa."

Mwezi mzima niliuza vikopo tisa, vyote kwa mwalimu mkuu na kwa walinzi. Nikaona soko halitakuja lenyewe. Nikapakia katoni kwenye lori la mnada, nikashuka nazo Kasansa.

Mnada wa ng'ombe una raha yake. Vumbi, fimbo, watu wanabishana bei kwa vidole ndani ya mikono ya shati, harufu ya nyama choma. Nikatandika turubai, nikapanga vikopo kama askari, nikaanza kunadi. Mzee mmoja Msukuma, amejifunga shuka, ana fimbo ndefu, akasimama mbele yangu.

"Mwangaluka, baba," nikamwamkia kwa lugha yake. Biashara ni heshima.

Akaitikia vizuri. "Unauza nini, mwanangu? Dawa ya kupe?"

"Dawa ya viatu, baba. Inang'arisha."

Akatazama miguu yake, kisha miguu yangu. Nikaona hapa ndipo mfanyabiashara anapotengana na mchuuzi. Nikapiga goti, nikachukua kitambaa, nikaipaka katambuga yake ya kulia mpaka ikatoa mwanga. Watu wakaanza kujaa.

Mzee akaugeuza mguu huku na huku.

"Mwanangu," akasema, "hili tairi lilikuwa la lori. Na lile lori lenyewe lilikuwa halipakwi mafuta."

Mnada mzima uliangua kicheko. Mimi nikacheka nao kwa sauti kubwa kuliko wote, kwa sababu anayecheka hafukuzwi. Na kicheko kile kiliuza. Vijana waliokuwa na mambo yao ya uchumba wakaanza kununua, kikopo shilingi mia, wakazipaka zote mbili wakaenda kupita mbele ya mama ntilie. Kwa nusu saa Kasansa ilimeremeta. Halafu vumbi likaingia kazini. Dawa ile ilikuwa laini na vumbi la kule halikai mbali na kitu laini. Kabla ya saa nane mchana vijana wote walikuwa wamevaa mandazi.

Wakanirudia, si kwa ugomvi, kwa utani tu, wakanyoosha miguu mbele ya turubai langu. "Mjomba, kaanga tena, hizi hazijaiva!"

Aliyeniokoa ni yule mzee wa mwanzo. Alikuwa na fahali wake wawili wa kuuza. Alinunua vikopo sita, akaondoka, na baadaye nikamwona anawapaka fahali wake pembe. Pembe nyeusi, zinang'aa kama bunduki! Mnunuzi kutoka mjini akamwacha fahali wa jirani na kumfuata yule mwenye pembe. Basi wenye ng'ombe wakaja kwangu mbio. Mpaka leo nadai kwamba mimi ndiye niliyeleta maendeleo ya pembe katika upande ule wa Mpimbwe. Lakini mnada ni siku moja, ng'ombe wazuri si wengi, na nauli ya lori haina huruma. Katoni zile tatu, ukijumlisha Kasansa na dukani, baada ya nauli zilinirudishia elfu thelathini na moja. Nilikuwa nimezichukua kwa hamsini na nne.

Desemba ikaingia, na mvua. Kadi ilikuwa na arobaini na nane. Magunia mawili ya sukari nisingeweza kuyalipia ndani ya mwezi, na muda ulikuwa unakimbia. Nikaenda kwa tajiri, nikachukua katoni ya nne ya dawa ya viatu. Nilitaka kuipitisha mlango wa nyuma, ila mke wangu alikuwa amekaa hapohapo mlangoni. Siku ile ile alikuwa amerudi kutoka sokoni na mkasi wake na futi yake kwenye kikapu. Mama wa barazani alikuwa ameshachukua mashine yake kwa ajili ya Januari.

Aliitazama katoni. Alisema, "Imejaa?"

"Imejaa, mke wangu. Hamsini."

Akafumba macho kidogo. Ndipo nilipojua kwamba miezi yote ile, chini ya utani na mkasi wa kicheko chake, alikuwa anaogopa.

*

Cherehani ilikuwa inatoka Tabora kwa treni. Mvua zilikuwa zimeharibu tuta la reli mahali fulani, na treni ikawa inasemwa tu haionekani. Krismasi ikapita. Mke wangu alikuwa ameshapokea vitambaa vya sare za watoto wa mtaa mzima, bluu na nyeupe, vimerundikwa kitandani mpaka tukawa tunalala kama mizigo. Kila asubuhi natoka kwenda stesheni kusikiliza. Shemeji ananiona kwa mbali, anatikisa kichwa.

Siku mbili baada ya mwaka mpya akaja mwenyewe anakimbia kwenye matope. "Shemeji! Limefika! Kasanduku kako kamefika!"

"Kasanduku?"

"Kasanduku."

Nauli ya mzigo ilikuwa ya kulipwa na mpokeaji. Tajiri hakuwa amelitaja hilo. Pamoja na mkokoteni ikawa elfu nne na mia moja. Nikalipa nikiwa nacheka, maana watu walikuwa wanatazama. Nusu ya Kawajense ilikuwa imekuja, wanawake wanapiga vigelegele, na sanduku likawekwa katikati ya uwanja wetu. Shemeji akalipasua kwa nyundo. Mke wangu akapiga magoti, akaondoa majani makavu, akatoa mashine nyeusi yenye maua ya dhahabu, nzuri kama bibi harusi.

Akaingiza mkono tena. Akatoa majani. Akaingiza tena.

Ilikuwa kichwa. Kichwa kitupu. Hakuna meza, hakuna gurudumu la chini, hakuna pa kukanyaga.

Vigelegele vikafa kimoja kimoja. Nikaenda kwa tajiri nusu nikikimbia. Akanipa kiti, akafunua kadi, akaniwekea kidole kwenye picha. "Mzee wangu, hapa umeona miguu?" Nikatazama. Mchoraji alikuwa ameishia pale meza inapoanzia. Nikachukua elfu sitini za dhamana, soda yake nikaiacha mezani na kifuniko chake.

Nilirudi polepole. Nilikuwa natengeneza maneno njiani, na mimi siyo mtu wa kukosa maneno. Kufika nyumbani, nikakuta uwanja mtupu. Sanduku lipo, mashine haipo. Mke wangu hayupo, shemeji hayupo, na mkokoteni haupo.

Niliwakuta sokoni. Mama wa barazani alikuwa amekaa kwenye kigoda anajipepea, na mke wangu amechuchumaa mbele ya meza kuukuu ya cherehani iliyokuwa inaota kutu kwenye kona ya stoo.

"Shemeji yangu njoo!" mama yule akaniita. "Mungu ni fundi. Mimi nina miguu isiyo na kichwa, kichwa chake kilikufa zamani. Nyie mna kichwa kisicho na miguu. Si tuwaozeshe?"

"Mahari shilingi ngapi?" mke wangu akauliza, bila kuinua uso.

"Thelathini."

"Bibi harusi ana kutu, mama."

"Na bwana harusi amekuja ndani ya majani!"

Wakavutana mpaka ishirini na nne. Nikazitoa kwenye zile sitini, na nitamke hapa kwamba baadaye nilimrudishia mke wangu kila shilingi. Shemeji akakaza skrubu, mke wangu akatia mafuta, akaweka kipande cha kitambaa cha bluu, akakanyaga. Sauti ile! Trrrrr. Siwezi kuielezea. Mama wa barazani mwenyewe aliacha kujipepea.

Mashine ikaingia nyumbani saa kumi jioni, na majirani wakarudi. Kwetu kitu kipya lazima kioshwe. Ukinunua baiskeli, ukiezeka bati, ukipata redio, watu wanakuja kuosha, na hawaoshi kwa maji. Nikasema hii ni ya zawadi, sikununua. Kosa kubwa.

"Ya bure?" wakapiga kelele. "Basi hela yake umebaki nayo! Lete mbuzi!"

Ndivyo tunavyofikiri kule. Aliyenunua anahurumiwa, anatoa soda kidogo yanaisha. Aliyepewa bure, huyo ndiye anayechinja. Na kwa kuwa miezi minane nilikuwa nimetembea na picha kifuani nikimwambia kila mtu neno hilo la bure, sikuwa na pa kujificha. Mbuzi, mchele, mafuta, kreti mbili za soda: elfu ishirini na moja. Waliimba, walicheza, wakaiweka soda moja juu ya mashine kama sadaka. Shemeji alisimama akatoa hotuba ya kunipongeza kwa kupata kichwa. Nilicheka mpaka machozi.

*

Kesho yake mke wangu akahamishia mashine kwenye baraza la duka langu. Msimu wa Januari ukaanza. Na hapa ndipo lilipo jambo ambalo, namna nilivyosema mwanzo, lilikuwa bado halijazaliwa.

Mafundi walikuwa wengi, na wote bei moja, elfu moja kushona jozi ya sare. Mke wangu akaniomba ile katoni ya nne ya dawa ya viatu. Nikampa, nikijua anataka kuitupa. Akapanga vikopo kwenye dirisha, akamwambia kila mama anayepita: "Shona kwangu, mwanao anapewa dawa ya viatu bure."

Nilisimama mlangoni nikaona foleni. Foleni! Watoto wengi wa Kawajense hawakuwa na viatu kabisa, lakini mama anatoka na sare mkono mmoja na kikopo mkono wa pili, na uso wake ulikuwa uleule niliokuwa nao mimi nikipewa kiti. Mwingine alitoka Misunkumilo kwa miguu kwenye matope, akapita mafundi watatu njiani, kwa ajili ya kikopo.

Jioni nikamsogelea. "Mke wangu, utafilisika. Kikopo kile nimekinunua mia moja ishirini na tano."

"Najua."

"Unatoa bure!"

"Kushona kwangu ni elfu moja na mia moja hamsini," akasema, akaendelea kukanyaga. "Hawaulizi. Wanaangalia dirisha."

Nilikaa juu ya gunia la chumvi. Ninakiri nilishangaa. Nilishangaa mpaka nikasahau kufunga duka. Mtu niliyemwambia hesabu za biashara hazifumuliwi alikuwa amemfumua tajiri mzima, amemkata upya na kumshona kwa saizi yake.

"Na hela ya vikopo vyangu?" nikauliza.

"Vyako? Wewe si ulipewa mihuri?"

Vikopo vilipoisha, na msimu ukaisha, alikuwa ameshona sare kuliko Januari zake zote zilizopita ukizichanganya. Jumapili moja, shemeji yupo, akamwaga kopo la vifungo juu ya meza ya cherehani. Kifungo kikubwa cheusi cha koti kikawa elfu kumi. Kidogo cheupe cha shati kikawa elfu moja.

"Tuone bure ina uzito gani," akasema.

Tukaanza na zile elfu moja moja nilizomzidishia tajiri kwenye kila muhuri wa sukari na sabuni, mihuri arobaini na miwili: vikubwa vinne, vidogo viwili. Faini mbili, vidogo vinane. Dawa ya viatu, katoni nne kutoa kile nilichookoa kwa pembe za ng'ombe: vikubwa vinne na kidogo. Nikataka kubisha, shemeji akanishika mkono. Kodi ya mashine ya yule mama, miezi minane ambayo tungekuwa na yetu. Miguu. Mbuzi na soda zake. Treni na mkokoteni, na kwa ile mia moja iliyozidi mke wangu akachomoa pini mdomoni, akailaza mwisho wa mstari. Vidogo vikawa vingi, tukabadilisha ishirini kwa vikubwa viwili. Pembeni alikuwa amepanga bei ya dukani, vikubwa saba na vidogo vinane, mstari mfupi kama mkia wa mbuzi.

Shemeji alipiga mluzi.

Hata hivyo sijutii. Taja mtu mwingine yeyote wa Kawajense aliyepewa cherehani na duka la jumla. Hakuna. Mashine ile imesomesha watoto wetu wote, na bado inaimba barazani. Wageni wakija huwa naiwekea mkono begani kama mtoto wangu wa kwanza, nawaambia, hii unayoiona hapa nilipewa bure. Wanauliza, bure kweli? Na mke wangu, bila kuinua uso na bila kuacha kukanyaga, anawajibu kwa niaba yangu:

"Laki moja, elfu sitini na nne, na mia moja."